Fimbo ya Yaya

Yaya wangu ana fimbo ya biliadi ya vipande viwili. Alipokwenda Kolwezi kutafuta kazi aliniachia, akasema neno moja tu: nisiiazimishe. Sikuiazimisha. Niliiharibu mwenyewe.

Kipande cha mbele kilikuwa kimepinda. Nikanunua kingine sokoni ili akirudi afurahi. Tundu lake lilionekana sawa kabisa na skrubu ya kipande cha nyuma. Kikaingia mizunguko miwili, kikakwama. Nikadhani ni uchafu: nikasugua kwa mswaki, nikapaka nta ya mshumaa, nikakaza kwa mikono miwili. Mti ukalia. Mdomo wa tundu ukapata ufa, na nilipofungua, skrubu ya yaya ikazunguka ndani ya mti wake. Gundi ilikuwa imeachia.

Nikaenda Katuba kwa mzee mmoja anayekereza vyuma. Alifunga karatasi kwenye skrubu, akaibonyeza kwa ukucha, kisha akahesabu alama kwa rula: meno 18 katika inchi moja. Akatafuta skrubu inayoingia vizuri katika lile tundu, akaihesabu pia: 14. Unene ni ule ule, karibu milimita 8. Lakini kila mzunguko, moja husogea milimita 1.4, nyingine 1.8.

“Mutoto yangu, usikaze. Hesabu kwanza.”

Nikaona aibu. Wiki ile ile tulikuwa tumejadili darasani kwamba yaya wa Lubumbashi ni ndugu mkubwa, na yaya wa Dar es Salaam ni mlezi wa watoto. Sauti moja, hatua mbili. Nilijua hayo kwa maneno, sikuyajua kwa chuma.

Nilimwomba akate meno mapya juu ya yale ya zamani ndani ya tundu. Akakataa: meno ya namna mbili yakichanganyika, hakuna linaloshika. Alitoboa na kuondoa bomba la shaba lililokuwa ndani, akaziba tundu kwa mti mgumu, akatoboa upya katikati kwa mashine, akatia bomba jipya la meno 18 kwa gundi ya kuchanganya. Ufa aliujaza gundi, akaufunga kwa uzi. Skrubu ya yaya aliisafisha, akaigandisha tena ikiwa imesimama wima. Vyote vililala usiku mzima. Asubuhi vipande viwili vilikutana, na mwanga haukupita kati yao.

Yaya aliporudi, fimbo ilikuwa nzima. Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia. Aliifungua, akatazama alama ya ule ufa, akaifunga tena, akapiga mpira mmoja, akasikiliza.

“Kipande cha mbele ni chako,” akasema. “Cha nyuma bado ni changu.”

Tangu siku ile tunaicheza wote wawili. Hakuna anayeikaza kwa nguvu.