Siku ya Bwana wa Chai

Watu wengi waliopita Kericho zamani za ukoloni walidhani kwamba kila Mzungu aliyesimama katikati ya chai ndiye mwenye shamba. Walakini sivyo. Tangu miaka ya 1920 sehemu kubwa ya chai ya Kericho ilikuwa mali ya makampuni, kama Brooke Bond na African Highlands. Na bwana yule, pamoja na nyumba yake kubwa na bustani ya maua, alikuwa mtu wa mshahara kama karani wake. Hakuwa na mti wa chai hata mmoja.

Aliamka alfajiri, akaenda penye wito wa majina. Karani alisoma daftari, wanyapara wakagawa kazi: hawa kuchuma, hawa kupalilia, hawa kupogoa. Kisha bwana alitembea shambani hata adhuhuri, macho yake yakiwa ndani ya vikapu vya watu. Alitaka majani mawili na chipukizi, basi.

Kwa kweli aliyetawala pale alikuwa jani. Likiisha kuchumwa halingoji. Likirundikwa hupata moto na kuharibika. Sharti lipelekwe kiwandani upesi, linyaushwe, lisokotwe, liachwe mpaka ligeuke rangi ya shaba, ndipo likaushwe. Ratili nne na zaidi za majani mabichi hutoa ratili moja tu ya chai. Tena Kericho ina mvua ya mawe, nayo huharibu mavuno kwa muda mfupi sana, bwana akibaki kutazama dirishani.

Jioni alikwenda kilabuni kucheza tenisi na kulalamika juu ya wakubwa wake. (Hilo nalo makarani walilijua vizuri.)

Lakini yeye alikuwa na likizo ya kurudi kwao kwa meli. Mchumaji alirudi kwenye chumba kimoja pamoja na jamaa yake. Na sehemu ya ardhi ile ilikuwa ya Wakipsigis; mwaka 1919 Serikali iliwapa maofisa wa Kiingereza walioumia vitani, wakapanda kitani, wakashindwa, ndipo chai ikaja. Mwafrika aliyejua kuchuma, kupima na kukausha hakuruhusiwa kupanda chai yake mwenyewe mpaka miaka ya 1950. Kiwanda cha Ragati, huko Nyeri, kilianza kupokea majani ya wakulima wadogo mwaka 1957, nao wakakuta kwamba mizani ya pale pia haikupokea jani gumu.