Likizo Nyanya Akiwa Ng'ambo ya Maji

Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hususan kina mama, jambo lililotufika hapa Madogo katika likizo ya Aprili ya mwaka wa 2024.

Asiyeijua Madogo ajue kuwa ni mji wa Kaunti ya Tana River, lakini riziki ya wengi wetu iko Garissa, upande wa pili wa mto. Asubuhi watu huvuka daraja kwenda sokoni na maofisini, jioni wakarudi. Jamaa nao wamegawanyika vivyo hivyo: binti ameolewa huku, mamake yuko kule. Zikifungwa shule, watoto hufungiwa nguo zao mfukoni wakapelekwa kwa nyanya, na mama akaendelea na shughuli zake. Hivyo ndivyo likizo zilivyopita miaka mingi, na hatukuwahi kuona kuwa hapo pana mtu anayefanya kazi.

Mwaka huo mto Tana ulifurika. Maji yaliifunika barabara pale Kona Punda, na safari ya Garissa ikawa ni ya mashua. Tarehe 28 Aprili mashua moja ilizama papo hapo. Watu 23 waliokolewa, na wengine wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Baada ya siku ile, ni mama gani angempakia mwanawe mashuani ili ampeleke kwa nyanya? Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 ziliahirishwa wiki moja, kisha zikaahirishwa tena, hadi zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kazi za wazazi hazikuahirishwa.

Madrasa yetu haikufikwa na maji, na katika siku hizo idadi ya wanafunzi iliongezeka mno. Tukafurahi, tukidhani ni baraka ya khutba zetu. Asubuhi moja akaja binti wa miaka kumi hivi, amembeba mgongoni nduguye asiyetimiza mwaka. Mtoto akalia, akachafua mkeka, darasa likavurugika. Tukamwambia binti amrudishe nyumbani, na akija tena aje peke yake. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Siku ya tatu tulipita stendi, tukamkuta mama yake akiuza chai na anjera. Wasafiri waliokwama walikuwa wamejaa pale, na tangu aanze biashara hiyo hakuwahi kupata wateja kama wale. Mumewe ni mpakiaji wa lori, naye alikuwa amekwama upande wa Garissa, hana cha kutuma. Tukamuuliza, "Mbona binti haji chuoni?" Akajibu huku akimimina chai, bila kutuangalia, "Maalim, si ulimfukuza? Ndiye anayenishikia mtoto. Jana alimchukua hadi mtoni kuteka maji, akamketisha ukingoni kando ya jerikeni. Amenitolea habari mwanamume aliyemwona."

Waishio kandokando ya Tana hawahitaji kuelezwa habari za mamba. Tulisimama pale, tukakosa la kusema. Tulikuwa tumesomesha mara nyingi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiifupisha sala alisikiapo kilio cha mtoto, kwa kumhurumia mama yake. Sala ilifupishwa, sisi tulishindwa kufupisha somo la tajwidi.

Jioni tukamweleza ahali yetu, tukitaraji atatuliwaza. Tukasema kwamba sisi pia tulilea, na tulisomesha watoto wa watu huku tukilea wetu. Akacheka. "Maalim, wewe hukulea. Aliyewalea ni mama yangu, Mungu amrehemu. Wewe ulikuwa ukiwapokea wamekwisha kula na kukoga." Ni kweli. Marehemu mama mkwe aliishi nasi miaka kumi na moja, na sote tuliita kazi ile kuwa ni kukaa na wajukuu.

Basi tukatandika mkeka wa pili chini ya mti, nyuma ya darasa. Tukamwomba mama mmoja mtu mzima, mjane ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maji, akae na wadogo tangu saa moja asubuhi hadi adhuhuri, kwa shilingi 30 kwa kila mtoto kwa siku. Wa kwanza kuletwa alikuwa ni yule aliyeketishwa ukingoni, na dada yake akarudi kwenye msahafu wake.

Palizuka maneno. Mzee mmoja wa msikitini alisema kuwa kumlipa mtu amwangalie mtoto wa jirani ni aibu, kwamba zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Huenda alikuwa wa mtaa mzima, lakini hatukumbuki kuwaona wanaume wa mtaa wakimwosha. Tukamfungulia Suratul Baqara, aya ya 233, inayowaruhusu wazazi kumpa mtoto mnyonyeshaji mwingine maadamu wamlipe kwa wema, na ambayo imemwekea baba gharama za chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Tukamkumbusha pia kuwa Mtume wetu, alipofiwa na mamake Amina pale Abwa akiwa na umri wa miaka sita, aliyemshika mkono na kumrudisha Makka ni Ummu Ayman, ambaye hakuwa wa damu yake. Mzee hakuridhika sana, ila wiki iliyofuata alimleta mjukuu wake.

Tatizo lililobaki ni fedha. Kina mama walilipa wote, wengine kwa maziwa, mmoja kwa kuni. Kina baba, kati ya kumi na mmoja waliokuwapo mjini, walilipa wanne. Rai yetu ni kwamba ujira huu ni wa baba kabla ya kuwa wa mama, kama zilivyo nafaka na kodi ya nyumba, na si haki uchukuliwe katika faida ya chai.

Sasa maji yamerudi mtoni na barabara inapitika. Tulidhani mkeka hautahitajika tena. Lakini nyanya wa yule binti alivuka kuja kuwasalimu, akatwambia faraghani kuwa magoti yanamuuma na kwamba miezi ile miwili alilala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Hajamwambia mwanawe, anaona haya.

Kwa hivyo katika likizo ya Agosti mkeka utatandikwa tena, saa moja asubuhi, kila siku isipokuwa Ijumaa. Mtoto aje na uji wake na kanga ya kulalia. Ujira ni ule ule, shilingi 30. Na tunaomba amlete baba yake.