Reli Iliyogeuka Kengele

Shule ya msingi niliyokabidhiwa niiongoze, upande huu wetu wa Malolo, haikuwa na kengele ya kununua. Tulikuwa na kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima, kilichoning'inizwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, pamoja na nondo fupi ya kukigongea. Sauti yake ilivuka mashamba ya mikorosho ikafika mbali, hata akina mama waliokuwa wakipalilia waliitumia kujua saa. Kwa miaka mingi niliagiza chuma kile kigongwe asubuhi na mchana, na sikumbuki hata siku moja ambapo niliwakalisha watoto chini nikawaeleza kilikotoka. Hilo ni kosa la mwalimu, nami nalikiri hapa kabla ya kuendelea.

Chuma kile kilitoka katika reli yetu wenyewe. Ndiyo, msomaji wangu, sisi wa kusini tulikuwa na reli. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu wao ulizunguka kwa wiki tisa kutafuta ardhi ya kulima karanga, ukarudi na pendekezo la kufyeka ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili karanga za Nachingwea zifike baharini, ilijengwa reli kutoka gati la muda la Mkwaya, katika ghuba ya Lindi. Ilifika Nachingwea mwaka 1949. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikautangaza mpango mzima kuwa umeshindikana, baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Njia ikaja kuunganishwa na bandari mpya ya kina kirefu ya Mtwara mwaka 1954, wakati karanga zenyewe zimekwisha kuwa hadithi. Mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa.

Mjomba wangu aliifanyia kazi reli hiyo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa kibarua wa kutandika, mara ya pili alikuwa kibarua wa kung'oa. Kwetu treni haikufika, lakini nikiwa mdogo alinichukua hadi Nachingwea, nikaiona ikivuta mabehewa machache, mengine matupu, na moshi wake ukanifanya nijifiche nyuma ya kanzu yake. Alicheka sana. Aliporudi kutoka kwenye kazi ya kung'oa hakuwa akicheka. Alikaa barazani akasema, "Tulitandika kitanda, mgonjwa akafa kabla hajalala."

Siku nyingine nilimuuliza kwa nini wao wenyewe, waliokuwa wameijenga, hawakuweza kuiendesha. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuzaliwa na mbawa. "Sisi tulishika nyundo," akasema. "Darubini ya kupimia ilikuwa ya Bwana. Miaka yote ile hakuna aliyenipa niitazame, hata kwa kunitania." Maneno haya niliyasikia nikiwa mtoto, nikayaelewa vibaya, na kutoelewa kwangu kumemgharimu mtu mwingine.

Nilipotoka chuo cha ualimu nikaanza kufundisha, ilikuwa miaka ya ujenzi wa reli ya Uhuru. Tanzania na Zambia ziliomba msaada nchi za Magharibi zikakataliwa, zikaambiwa kuwa reli hiyo haitalipa. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, kazi ikaanza mwaka 1970, na njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa mwaka 1976. Mkopo wake haukuwa na riba. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto.

Mwaka 1973 alinijia kijana mmoja aliyekuwa amemaliza darasa la saba, mwepesi wa hesabu kuliko wote niliokuwa nimewafundisha hadi wakati ule. Alisikia kwamba kwenye reli wanachukua vijana, na kwamba Wachina humfundisha mtu kazi huku anaifanya. Alitaka nimwandikie barua ya kumtambulisha. Nikakumbuka baraza ya mjomba. Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu ambaye hajatimiza miaka mitatu kazini, kwamba reli za wageni huja na kuondoka, na kwamba jembe la baba yake halitang'olewa na mtu. Barua sikuiandika. Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Asante, Mwalimu," akarudi shambani. Siku hizo kauli ya mwalimu ilikuwa kama sheria.

Nilikuja kujua baadaye kwamba vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uhandisi wa reli, na kwamba wengi zaidi walijifunza kazi njiani, kati ya shimo la mlima na daraja. Sisemi kwamba yote yalikwenda vizuri. Vichwa vya treni vya kwanza vilielemewa na milima ya kati ya Mlimba na Makambako, ikabidi vingine viagizwe Ujerumani katika miaka ya 1980. Zambia ilipofungua tena njia yake ya kusini mwaka 1978, sehemu ya mzigo ikahama. Vipuri vikawa haba, malori yakazidi barabarani. Reli iliyojengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba chini ya tani 100,000 mwaka 2014/15. Lakini haikung'olewa. Hata ilipodhoofika, palikuwa na watu wa hapahapa waliojua kuifufua injini na kunyoosha njia. Mwezi Septemba 2024 viongozi wa China, Tanzania na Zambia walikutana Beijing wakashuhudia makubaliano ya kuihuisha. Reli yetu ya karanga haikuwa na wa kuihuisha. Mgonjwa wao alikuwa na ndugu; wetu alikuwa na daktari mgeni tu, naye alikwishapanda meli.

Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya mjomba. Hakuwa akilalamika kwamba wageni walikuja. Alilalamika kwamba walikuja na darubini wakaondoka nayo.

Mwishoni mwa mwaka 2024 nilisafiri na mjukuu wangu wa kike kwa treni ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, kumwona baba yake. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Sikusikia moshi wala mlio wa makaa; ni umeme mtupu, na kwenye kioo cha mbele ya behewa niliona tarakimu zikipanda hadi 160 kwa saa. Ruvu ikapita, Morogoro ikapita, na katika muda wa kama saa nne tulikuwa Dodoma. Zamani safari ya namna hiyo ilikula usiku mzima. Watu wa nchi nyingine wangesema 160 si mwendo wa kasi hasa, kwani treni zao hupita 250. Kwa mzee aliyejificha nyuma ya kanzu ya mjomba wake, ulitosha.

Wakati mimi nikitazama nje, mjukuu wangu alikuwa akiuliza maswali. Nani alijenga? Nikamjibu kwamba kipande cha kwanza, hadi Morogoro, mkataba wake wa mwaka 2017 walipewa Waturuki wa Yapi Merkezi pamoja na Wareno wa Mota-Engil, na kutoka Morogoro hadi Makutupora ni hao Waturuki. Na treni hii yenyewe? Imetoka Korea Kusini, kwa Hyundai Rotem. Na fedha? Nyingine ni zetu, nyingine ni mikopo, ukiwemo ule wa mwaka 2020 wa dola bilioni 1.46 uliopitia Standard Chartered kwa dhamana ya Denmark na Sweden. Na huko Mwanza hadi Isaka? Wachina. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa babu, ikiharibika, anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka kwamba mwishoni mwa Julai mwaka huo huo treni ilisimama njiani kwa kukosa umeme, na Shirika la Reli likaeleza kuwa mnyama jamii ya ngedere na ndege aina ya bundi walisababisha hitilafu. Watu walicheka mitaani. Mimi naona si jambo la kuchekwa. Mhandisi wa Istanbul au wa Seoul anaweza kuwa bingwa wa nyaya, lakini tabia za ngedere wa Kilosa na Mpwapwa, na maji yanayoshuka kwa ghafula katika makorongo ya huko, anazijua zaidi aliyekulia huko. Ujenzi wa aina hii unataka elimu mbili zikutane. Iliyo ngeni ikitawala peke yake, njia hukwama kwa jambo dogo. Iliyo yetu ikibaki kwenye nyundo na sururu, siku ya mkataba kwisha tunabaki na deni na chuma.

Nayaandika haya kwa sababu habari za reli zimerudi kusini. Kwa miaka mingi serikali imekuwa ikizungumzia njia ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, na matawi ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Na hapa Ruangwa wageni wamekwisha kuja kuchimba kinywe, madini yanayotakiwa duniani kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Wenzangu hapa kijijini husema reli ikija itabeba kinywe. Mimi nauliza swali la mtu aliyeumwa na nyoka: na kinywe kikishuka bei? Karanga nazo zilitakiwa na dunia. Njia inayotegemea mzigo mmoja wa tajiri mmoja hufa siku tajiri anapobadili mawazo. Tujengewe, ndiyo, lakini stesheni zikae mahali ambapo ufuta, korosho na mbaazi zetu zinaweza kupanda, na katika mkataba iandikwe kwa idadi vijana wangapi watashika darubini, na wa wapi.

Maneno haya ni rahisi kwa mzee mwenye kalamu. Gharama yake ilikuja nyumbani kwangu. Tuliporudi kutoka Dodoma mjukuu wangu akasema anataka kusomea ufundi wa reli. Baba yake alitaka asomee uuguzi, kazi isiyokosa mshahara. Mama yake akauliza reli iko wapi Ruangwa. Wakanitazama mimi nikate shauri, na kweli ulimi ulikuwa tayari kusema tena yale ya mwaka 1973. Hofu ya mjomba bado ninayo. Anaweza kumaliza masomo asipate kazi. Nimewaona wengi walio na vyeti wakiendesha bodaboda. Lakini nilisema aende. Ufuta wetu uliuzwa mnadani kupitia chama cha msingi, na fedha ya mwaka wa kwanza ikapatikana. Ya mwaka wa pili bado tunaitafuta.

Yule kijana wa hesabu sasa ni mzee mwenzangu, na shamba lake linapakana na langu. Kwa miaka yote hii tukikutana njiani alikuwa na swali moja, ambalo nililichukua kuwa ni utani: "Mwalimu, ile reli ya Wachina ipo bado?" Nami hujibu ipo, tukacheka, tukaachana.

Juma moja kabla mjukuu hajaondoka, alikuja kwangu jioni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nasikia mtoto anakwenda kusomea reli."

"Marahaba. Anakwenda."

"Safari hii barua umeandika."

Sikuweza kucheka. Nikamwambia kwamba nilimkosea, kwamba sikuwa na haki ya kumfungia njia kwa woga wa mtu mwingine, na kwamba namwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu, akichora chini kwa ncha ya fimbo yake mistari miwili iliyokwenda sambamba.

"Yamepita, Mwalimu," akasema mwishowe. "Ila akirudi likizo, mwambie apite kwangu. Kuna hesabu ya kona nilitaka kuijua. Treni inapokata kona, lile tairi la nje linakwenda mbali kuliko la ndani, na yote yamefungwa kwenye chuma kimoja. Sasa inakuwaje haianguki?"

Nilimwambia nitamfikishia. Mimi mwenyewe silijui jibu.