Karatasi moja ilikwama Niania, mstari wote ukanyamaza

NIANIA, teritwari ya Mambasa – Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi, katika kibanda cha fotokopi kwenye njia panda, pale barabara ya Isiro inapoachana na ile ya Kisangani kwenda Mambasa, jenereta ilikuwa inanguruma na watu wako kwenye mstari.

Mbele alisimama mama mmoja aliyekimbia kijiji chake na watoto. Alitoa kwenye kitenge mfuko wa plastiki, na ndani yake buletini ya mtoto, karatasi ya pointi za darasa la tano. Ni karatasi pekee aliyoweza kuokoa. Nyumba, mbuzi, hata kadi yake ya mpiga kura, vyote vilibaki. Shule iliomba fotokopi ili mtoto aandikwe darasa la sita. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini fotokopi mzazi anajilipia.

Kijana wa kibanda alikuwa na haraka. Hakuiweka buletini juu ya kioo. Aliipitisha juu, pale mashine inapojivutia karatasi yenyewe. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na ina unyevu. Iliingia nusu, mashine ikalia, taa nyekundu ikawaka. Kijana akashika nusu iliyobaki nje, tayari kuivuta kwa nguvu.

“Acha, kijana wangu!” mama akapaza sauti. “Ukiipasua hiyo, nitaonyesha nini kwamba huyu mtoto alisoma?”

Mstari ukanyamaza. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ofisi akapita nyuma ya meza. “Polepole, mwanangu. Zima kwanza, chomoa waya.” Wakafungua kifuniko cha juu ili magurudumu madogo yanayovuta karatasi yaiachilie. Mzee akaishika buletini kwa mikono miwili, kulia na kushoto sawasawa, akaitoa kidogo kidogo. Ilitoka na mkunjo kwenye pembe. Pointi zilisomeka, muhuri wa shule pia.

Mama akaketi chini kwenye ngazi. Hakusema kitu kwa muda.

Mzee akaendelea kumfundisha kijana. Karatasi ikikwama ndani kabisa, kwenye mashine za wino wa unga, mtu asiingize mkono mara moja. Kuna sehemu inayoyeyusha wino ili ushike kwenye karatasi, na joto lake linafika karibu digrii 200. Zima, subiri ipoe, ndipo utoe chombo cha wino na kuvuta karatasi kufuata njia iliyokuwa inapita. Usitumie kisu wala bisibisi. Karatasi ikipasuka, unganisha vipande juu ya meza uone kama vimetimia, kwa sababu kipande kidogo kikibaki ndani kitakwamisha karatasi zinazofuata.

Hapa msituni sababu ya kwanza ni unyevu. Pakiti ikiachwa wazi, karatasi zinashikana na mashine inavuta mbili au tatu pamoja. Zifungwe kwenye plastiki, mbali na sakafu, na zipepewe kabla ya kuwekwa. Sababu nyingine ni esansi. Jenereta ikizimika katikati ya kazi, karatasi inabaki njiani.

Waya ukarudishwa, buletini ikalazwa juu ya kioo, kopi mbili zikatoka safi. Kijana aliomba msamaha na hakupokea franka za mama.

Familia nyingi zilizokimbia zimebeba karatasi moja tu ya namna hiyo: buletini, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa. Anayeifikisha kwenye mashine ana haki ya kumwambia mwenye kibanda, bila haya: “Hii weka juu ya kioo.”

Mama aliirudisha buletini kwenye plastiki, akaifunga mara mbili, akashika njia ya shule kabla mvua haijarudi.