Sifuri na Kisanduku Kitupu

DHIS2 ni programu huria ya kukusanya takwimu za afya, inayotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, na juu yake wizara za afya hujijengea fomu, majedwali na ramani bila kuandika programu upya. Iliyoitangulia, DHIS ya kwanza, ilitoka Afrika Kusini, katika HISP, mradi wa mifumo ya taarifa za afya ulioanza mwaka 1994. Ilikaa ndani ya kompyuta moja moja. Takwimu za wilaya zilisafiri kama faili, na faili moja ikishapata nakala mbili, ya kweli haikutambulika tena.

Kenya ilibadili njia mwaka 2011: seva moja kwa nchi nzima, wilaya zikiingia kwa kivinjari, mara nyingi kupitia modemu yenye laini ya simu. Hapo ndipo watumiaji walipoanza kuusukuma mfumo wenyewe. Mtandao ulikatika fomu ikiwa nusu. Lalamiko likawafikia watengenezaji, na kivinjari kikafundishwa kuhifadhi tarakimu palepale hadi mawimbi yarudi. Lilikuwa badiliko kubwa kuliko rangi au vitufe vyovyote, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyeandika namba zilezile mara mbili.

Zambia nayo hutumia DHIS2, na hesabu za vituo vya afya vya ufuko wa Ziwa Mweru, Mununga ikiwemo, huishia humo. Ukanda wa Nchelenge, kwenye ufuko huohuo, ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi nchini. Kazi huanzia kwenye rejesta ya karatasi, kwa hiyo pendekezo la kwanza lenye manufaa la kuwapelekea watengenezaji ni dogo: visanduku vya skrini vifuate mpangilio wa karatasi. Jicho linalorukaruka huandika namba ya watoto kwenye safu ya watu wazima.

La pili ni zito zaidi. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri, ili kuokoa nafasi. Msimamizi sharti awashe ruhusa ya kuihifadhi kwa kila kipengele cha takwimu. Lakini kituo kilichoandika sifuri kimepima na hakikuona ugonjwa. Kilichoacha kisanduku kitupu huenda kiliishiwa vipimo. Wilayani hali hizo mbili zikifanana, vipimo vitapelekwa kusikohitajika. Inafaa skrini imuulize mwandishi kuhusu kisanduku kitupu kabla hajafunga fomu, na anayelalamika ataje kisanduku chenyewe, alichobonyeza na kilichotokea. Kusema “Mfumo mgumu” hakumsaidii mtengenezaji aliye mbali.

Ng'ambo ya ziwa, Kongo pia hutumia DHIS2, kwenye seva yake. Wavuvi na wachuuzi wa samaki huvuka na homa zao, huku kila seva ikihesabu upande wake. Kisanduku cha mahali mgonjwa alikotoka ni pendekezo ambalo ufuko huu una haki ya kulipeleka kwanza.