Asilimia nne

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na sababu mtaiona humu humu. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha za programu. Naandika kuhusu mpira, ingawa kompyuta itajipenyeza katikati, kama kawaida yangu.

Nilizaliwa Thika, mtaa wa Makongeni. Baba alifanya kazi ya zamu kiwandani, na moyo wake wote ulikuwa kwa Gor Mahia. Hebu fikiria: unaishi Thika, mji una timu yake kwenye ligi kuu, Thika United, nawe unashabikia K'Ogalo! Majirani walimtania sana. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Timu si shati."

Novemba 2012 nilikuwa na miaka 15. Rais Kibaki alifungua rasmi barabara kuu mpya ya Thika tarehe 9, na wikendi hiyo hiyo ligi ikafika mwisho. Gor hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1995. Msimu ulikuwa umeanza vibaya, kisha kocha Zdravko Logarušić akawainua mpaka wakaanza kugombea taji lenyewe. Siku ya mwisho walihitaji ushindi. Na wapinzani wao walikuwa nani? Thika United! Mechi ikaisha sare, Tusker wakawa mabingwa kwa tofauti ya pointi moja.

Baba alizima redio, akavaa koti, akaenda zamu ya usiku. Mtaa mzima ulikuwa ukimcheka. Nilingoja aseme ameachana na Gor. Hakusema. Msimu uliofuata, jioni za mechi, redio ilikuwa mezani palepale. Mwaka huo wa 2013 Gor wakachukua ubingwa baada ya miaka 18. Wakachukua tena 2014 na 2015, na huo wa 2015 hawakupoteza hata mechi moja ya ligi. Thika United wenyewe walishuka daraja mwaka 2018. Mpira ndivyo ulivyo.

Miaka yote hiyo nilidhani hii ni hadithi ya Gor na baba yangu. Mwaka jana ikanigeukia mimi.

Siku hizi naishi Ruiru, na Jumapili nacheza beki wa kushoto katika timu ya mtaa. Ligi yetu ilikuwa na timu 12, mechi 22, na timu mbili za mwisho zinashuka. Mwezi Machi ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilipunguza wafanyakazi, nami nikawa mmoja wao. Wiki mbili baadaye nikateguka kifundo cha mguu. Kipa wetu akapata kazi Mombasa. Baada ya mechi 8 tulikuwa tumepoteza 6 na kutoka sare 2. Pointi mbili. Hata pesa ya refarii tulianza kuichanga kwa mabishano.

Msanidi programu asiye na kazi na mwenye mguu mmoja mzima hufanya nini? Huandika programu. Niliiandika kwa Python, jioni mbili tu. Inachukua wastani wa mabao ambayo kila timu imefunga na kufungwa, kisha inarusha dadu kwa kila mechi iliyobaki na kujaza jedwali mpaka mwisho wa msimu. Halafu inarudia tena, mara 10,000. Mwishoni inahesabu: katika misimu hiyo yote ya kubuni, ni mingapi ambayo sisi tulibaki kwenye ligi?

Jibu: asilimia 4.

Nikalituma kwenye kundi letu la WhatsApp, pamoja na grafu ya rangi. Niliona ni jambo la kufurahisha. Jumanne iliyofuata, mazoezi ambayo kwa kawaida huwa na watu 17, walikuja 9.

Nahodha wetu ni mwendeshaji wa bodaboda. Aliniita kando, nikiwa nimeegemea mti na bendeji yangu.

"Fundi, hiyo programu yako inajua kwamba tumepata kipa?"

Nikanyamaza. Kipa mpya, kijana wa Kimbo aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amecheza mechi moja tu. Programu haikumjua. Haikujua pia kwamba mechi mbili tulicheza tukiwa watu kumi, kwa sababu wenzetu walikwama kazini.

"Basi umeuliza kompyuta kuhusu timu ya zamani," akasema, akaenda kupanga koni.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, nami nataka nilieleze vizuri kwa sababu wengi wenu mnaandika programu. Hesabu ilikuwa sahihi. Nililokosea ni kuiambia programu kwamba timu ya kesho ni ile ile ya jana. Ningeipa miaka ya Gor tangu 1996 hadi 2012, ingeona miaka 17 bila taji na kusema 2013 nayo ni bure. Tena, wale wanane waliokosa mazoezi kwa sababu ya asilimia yangu walikuwa wanaisaidia iwe kweli.

Niliomba msamaha kwenye kundi. Nikaacha kuendesha ile programu. Mguu ukiwa bado unauma, nilikwenda mazoezini kila Jumanne na Alhamisi kuokota mipira. Nyumbani nilikuwa nimeanza kupiga hesabu kama hiyo juu ya maombi ya kazi: barua 31, usaili 2, kazi sufuri. Hiyo nayo nikaifuta. Badala yake nikafungua jedwali dogo lenye swali moja: wiki hii nimefanya nini? Barua ngapi, mazoezi mangapi. Basi.

Katika mechi 14 zilizobaki tulipata pointi 21. Kazi nilipata Septemba, ya mkataba wa miezi sita. Na siku ya mwisho ya ligi tulihitaji kushinda. Nilicheza dakika zote 90. Tukatoka sare, tukashuka daraja kwa pointi moja.

Nilimpigia baba simu. Sasa amestaafu, yuko nyumbani Siaya.

"Pointi moja?" akauliza.

"Pointi moja."

Akacheka kwa muda mrefu. "Hiyo naijua." Kisha akauliza, "Jumanne mna mazoezi?"

"Baba, msimu umeisha."

"Sijauliza habari ya msimu."

Nikaenda. Nilidhani nitajikuta peke yangu na nahodha. Tulikuwa 14, na yule kipa wa Kimbo alikuwa amefika mapema kuliko wote.

Siwaahidi kwamba tutapanda. Baba alipozima redio 2012, hakuna aliyemwahidi 2013. Aliamka tu, akaenda kazini, na siku ya mechi akaiwasha tena. Ile programu bado ninayo kwenye kompyuta yangu. Msimu huu sijaiendesha hata mara moja.

Tuonane tena karibuni. Safari hii sitakawia.