Linux Bila Sauti: Jeki ya Mbele Inapodanganya

Leo ni habari ya sauti.

Wengi wetu sauti ikipotea kwenye Linux tunakosa muziki tu. Lakini yuko mwalimu mmoja upande wa Kibwezi, kaunti ya Makueni, ambaye haoni. Anatumia Ubuntu 24.04 pamoja na Orca, programu inayosoma kwa sauti yale yaliyo kwenye skrini. Kwake yeye spika ndiyo monita. Spika ziliponyamaza, mitihani ya muhula ilikuwa ndani ya mashine na wiki ilikuwa inaisha. Fundi mmoja alishamwambia mazabodi imekufa, anunue nyingine.

Mimi niko Kitui mjini, kwa hivyo tulianza kwa simu. Swali langu la kwanza halikuhusu Linux hata kidogo.

"Mwalimu, una hedifoni ya USB?"

"Ninayo ya mikutano. Ngoja."

Hedifoni ya USB ina kadi yake ndogo ya sauti ndani, haitegemei ile ya mazabodi. Akaichomeka, akabonyeza Alt+Super+S kuizima Orca, akabonyeza tena kuiwasha (Super ni kile kitufe chenye nembo ya Windows, mniwie radhi). Orca ikaongea. Hapo tulipata mambo mawili kwa mpigo: mwenyewe amerudi kazini, na tumejua kwamba Orca na PipeWire hazina neno. Ugonjwa uko chini yao.

Kwa wageni: sauti kwenye Linux hupita kwa ngazi. Chini kuna ALSA, iliyoingia kwenye kerneli 2.6 mwaka 2003, ambayo ndiyo inaongea na kadi yenyewe. Juu yake Ubuntu iliweka PulseAudio kuanzia toleo 8.04 (2008), kisha PipeWire kuanzia 22.10 (2022). Waliokuwepo 2008 wanakumbuka. Dawa ya wengi ilikuwa kuing'oa PulseAudio bila hata kuuliza kosa ni lake au la. Tabia hiyo bado ipo, na ndiyo inayofanya watu wasakinishe mfumo upya kwa kosa la waya.

Akafungua terminali kwa Ctrl+Alt+T, akaandika:

aplay -l

Kadi ya mazabodi ikatajwa, nambari 0. Isingetajwa, ningemwomba atafute mtu wa kumwangalizia BIOS, maana humo sauti inaweza kuzimwa kabisa. Lakini ipo, tena kerneli inaiona. Mazabodi iliyokufa haijitaji jina! Tukaendelea:

amixer -c 0 contents | grep -A2 Jack

Hii huonyesha kila tundu la sauti na kama kadi inadhani kuna kitu kimechomekwa. Akaniambia Orca inasoma "Front Headphone Jack", na chini yake "values=on".

"Mwalimu, kuna kitu umechomeka mbele?"

"Hakuna. Nimepapasa mara mbili."

Basi huyo ndiye mwizi. Kadi ilidhani hedifoni ziko mbele, ikanyamazisha spika za nyuma. Kazi hiyo huitwa Auto-Mute Mode, na kwa kawaida ni msaada. Tukaizima:

amixer -c 0 sset 'Auto-Mute Mode' Disabled

Haikutosha, kwa sababu PipeWire nayo huangalia jeki na kuchagua njia ya kutolea sauti. Akaingia kwenye mipangilio ya sauti, akachagua Line Out. Nikasikia spika kupitia simu. Mitihani ikachapwa jioni hiyo.

Jumamosi nikashika barabara ya Mutomo na Ikutha, nikavuka Mto Athi kuingia Makueni. Tukachomoa umeme, tukafungua kasha. Vumbi jekundu la huku mnalijua. Ndani ya jeki ya mbele kijibati kidogo kilikuwa kimepinda na kugusana na mwenzake, na mguso huo ndio unaoiambia kadi kwamba kuna hedifoni. Nilichomoa waya wa jeki hizo pale kwenye mazabodi, penye maandishi F_AUDIO, basi. Amri ile ile ya Jack ikarudisha "values=off", nasi tukarudisha Auto-Mute kama ilivyokuwa. Matundu ya mbele hayafanyi kazi tena, lakini yeye hayahitaji. Gharama ya vipuri: sufuri.

Kabla sijaondoka alinisomeshea karatasi moja ya mtihani kwa sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, kwa kasi aliyoizoea yeye. Sikushika hata neno moja.